Nani Atatupulizia?

Jina la baba yangu silitaji, na msidhani nimelisahau. Lina mtu. Siku ya arobaini yake wazee wa upande wake walilitoa mbele yetu sote, wakampa binamu yangu pamoja na kofia, na tangu siku hiyo ukiliita pale kijijini kwetu Mkunya, juu mlimani Newala, atakayeitika ni yeye. Ndiyo desturi yetu. Mtu akifa jina lake halizikwi. Mpwa wake, yaani mtoto wa dada yake, hulirithi, na sisi watoto wa marehemu tunatakiwa tumwite huyo mpwa baba na kumwamkia shikamoo, hata kama tulimwona akitambaa na kamasi zikimtoka. Basi nikiliandika jina hapa, watu wa kwetu watamwona huyo wa pili, na mimi namtaka wa kwanza. Nitasema Baba tu. Majirani walimwita Baba Somoe, na Somoe ni mimi.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake ulitokea bonde lipi. Hayo wazee wanayajua na wanapenda kuyasimulia. Mimi nilimjua mtu aliyenuka salfa.

Kwa asiyejua mambo ya korosho, niseme kidogo. Mikorosho ikianza kutoa maua wakati wa kipupwe, huingiwa na ugonjwa wa ubwiriunga. Maua yanakuwa kana kwamba yamenyunyiziwa unga, kisha yanakauka, na mwaka huo mwenye shamba hana kitu. Dawa yetu ilikuwa salfa, vumbi la njano ambalo mtu hulibeba mgongoni ndani ya mashine yenye injini na kulirusha juu ya mti kwa bomba. Tunasema kupuliza. Hufanywa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka, na anayepuliza hutembea ndani ya wingu lake mwenyewe. Mkunya nzima, mtu wa kazi hiyo alikuwa Baba.

Alikuwa akirudi nyumbani jua limeshapanda, wa njano kuanzia nywele mpaka kucha, macho mekundu, akitafuta mahali pa kukaa. Mngesema aoge basi. Lakini msimu wa kupuliza ndio msimu wa kiangazi, na kwetu kule juu maji ya kiangazi yalifuatwa bondeni, kushuka na kupanda, ndoo kichwani, na aliyeyafuata ni Mama. Mama alimpimia Baba kata moja ya kunawa uso na mikono, na nyingine akiwa na moyo mzuri.

"Baba Somoe, haya maji nimeyatoa bondeni kwa shingo yangu," alimwambia. "Siwezi kuyamwaga kwenye salfa ya watu."

"Nipe ya macho tu, mke wangu. Mengine yatajitoa yenyewe."

Hayakujitoa. Miezi yote ya maua tulikula na salfa, tukalala na salfa. Shuka zake hazikutakata tena. Mpaka leo, nikipita dukani Masasi wakiwa wameshusha magunia ya salfa, lazima nisimame kidogo, na mwenye duka hudhani nataka kununua.

Pale msikitini walikuwa na kesi naye isiyoisha. Injini yake na adhana ya alfajiri vilikutana saa ileile, na mwalimu wa msikiti, mtu mpole sana, alilalamika kwamba waumini wanaisikia mashine kabla hawajaisikia sauti yake. Baba akawa anaizima adhana ikianza. Hakwenda msikitini, maana umande haumsubiri mtu. Alitandika gunia tupu la salfa chini ya mkorosho wa yeyote aliyekuwa akimpulizia, akaswali hapohapo. Wenzake walirudi kutoka msikitini na vumbi la mkeka kwenye paji la uso. Lake lilikuwa duara la njano. Vijana wakamtania kuwa malaika hawatapata shida kumtambua, na yeye akacheka, akakohoa, akacheka tena.

Kukohoa huko tulikuzoea. Hilo ndilo linaloniuma.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Nilipokuwa msichana mdogo wapulizaji walikuwa kadhaa, na chama cha ushirika ndicho kilichoweka zamu. Leo fulani, kesho fulani. Chama kiliwapa miwani ya plastiki na vitambaa vya pua, na mtu akiumwa mwenzake alishika mashine. Kisha ikaja ile miaka ya ruksa. Wanunuzi wa watu binafsi wakaanza kupandisha malori yao Newala, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu, na chama kikafifia mpaka mlango wa ghala ukaota majani. Mashine nyingine zilikufa kwa kukosa vipuri. Wapulizaji wengine wakashuka Mtwara, wakafungua vibanda vya mitumba. Mashine iliyokuwa nyumbani kwetu hakuna aliyekuja kuidai, kwa kuwa hapakuwa na wa kudai. Ikabaki nyuma ya mlango wa chumba cha Baba.

Salfa sasa kila mtu alijinunulia mwenyewe, na kila mtu alitaka apuliziwe wa kwanza. Zamu ilikufa pamoja na chama. Walikuja kugonga mlango kabla ya jogoo, wakasimama uani na mifuko yao, wakisukumana kwa maneno.

"Hodi, Baba Somoe! Mimi nilisema tangu juzi."

"Huyu anadanganya, nang'olo, mzee wangu. Juzi alikuwa Masasi huyu."

Baba hakujua kukataa. Hapa ndipo nilipogombana naye maisha yangu yote, na hapa ndipo sikumwelewa. Alikuwa mkali kwetu sisi watoto. Ukiacha jembe nje umande ukalilowesha, jioni hiyo hungependa kuwa wewe. Lakini mtu wa nje akisimama uani na mfuko wa salfa, Baba alikuwa tayari anafunga mikanda ya mashine.

Na mikorosho yetu wenyewe ilikuwa ya mwisho. Alipomaliza ya watu, jua lilikuwa limechoma umande na upepo umeanza, basi ya kwetu aliipuliza kwa kubahatisha, salfa nusu ikienda kwa jirani. Mwaka baada ya mwaka maua yetu yalikauka meusi, na wenzetu wakaokota korosho. Nilikula ugali wa muhogo na mbaazi mbele ya shamba la korosho la baba yangu mwenyewe.

"Kwani mikorosho yetu ni mayatima?" Mama alimuuliza siku moja mbele yetu, na hakuwa akitania.

Baba akatafuna mng'oko wake, kile kiazi cha porini, taratibu. "Mikorosho yangu hainigongei mlango," alisema. "Watu wananigongea."

Pale kijijini walikuwapo waliodai kwamba anaidharau mikorosho yake kwa kuwa anajua itakwenda kwa wapwa, si kwa watoto wake. Nilimuuliza. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema mti ukiumwa unatibiwa, haijalishi atakula nani, kisha akainuka kwenda kusafisha plagi ya mashine kwa mswaki wa zamani.

Alikuwa mtu mkimya aliyefanya kazi yenye kelele kuliko zote Mkunya. Hakupenda watu kupaza sauti nyumbani. Miaka ilivyokwenda, injini ikamla masikio, na yeye asiyependa kelele akawa anaongea kwa kupiga kelele bila kujua. Akinong'ona siri, nyumba ya tatu wanaipata. Wakati nikiposwa na mume wangu alinivuta pembeni akaniuliza, kwa sauti ambayo yeye aliiona ya chini, kama huyu kijana mwenye meno yaliyochomoza mbele ndiye kweli nimemtaka. Wakwe wote walikuwa barazani. Nilitamani ardhi inimeze, na mume wangu anaisimulia mpaka leo.

Niliolewa nikahamia Masasi. Mimi ni fundi cherehani, na miaka hiyo mitumba ilikuwa imekwisha kutuua, hakuna aliyeshona gauni jipya. Tulikuwa tukipunguza suruali za wazungu wanene na kubadilisha zipu. Siku nilipokwenda kumsalimia Baba na kumkuta amekaa kitandani anavuta pumzi kwa mabega, nilirudi kwenye cherehani yangu nikamshonea kitambaa cha pua. Sikushona cha mchezo. Nilichagua kitambaa kizito cha shuka la hospitali nililolikuta kwenye mitumba, nikakikunja safu juu ya safu, nikaweka kamba za kufungia nyuma ya kichwa. Nikampelekea mwenyewe.

Alikigeuzageuza, akasifu mshono. Alinibariki kwa maneno mazuri ambayo sikuwahi kuyasikia kwake.

Nilipokwenda tena msimu wa maua nikamkuta anarudi shambani wa njano kama kawaida, mdomo wazi. Kitambaa changu kilikuwa kimefungwa vizuri sana kwenye injini, mahali inapovutia hewa.

"Baba, hicho nilikushonea wewe!"

"Najua, mwanangu. Lakini mashine ikivuta vumbi inakufa," alisema kwa sauti yake ya kupiga kelele. "Na ikifa, vipuri vyake siku hizi havipo."

Nililia. Sikuona aibu kulia uani mbele ya watu wenye mifuko ya salfa. Wao wakatazama pembeni, wakangoja nimalize ili wamuulize kesho ni zamu ya nani.

Hospitali ya wamisionari kule Ndanda alikwenda kwa sababu mimi na mume wangu tulimpakia kwenye gari la korosho tukamshika huku na huku. Walimpokea vizuri. Daktari alimpiga picha ya kifua, akamkalisha, akamweleza polepole na kwa sauti kubwa. Hakusema ni salfa peke yake. Aliuliza habari za moshi na za tumbaku ya ujanani. Lakini vumbi alimkataza kabisa. Akasema kifua hiki hakiwezi kupona, ila kinaweza kuachwa kisizidi kuharibika.

Baba alilala pale akiangalia dirishani. Nilidhani anaitazama milima. Alikuwa akitazama miti ya uani kwa wamisionari, kuona majani yanatikisika au hayatikisiki.

"Leo upepo umechelewa kuamka," aliniambia asubuhi moja. "Asubuhi nzuri hii, inapotea bure."

Kila aliyekuja kumwona alimuuliza kama maua yametoka. Niliwakonyeza waseme bado. Mmoja akasahau. Waliporuhusu wagonjwa wa wodi ile kutoka kuota jua, Baba akatoka nao, akafika barabarani, akapata lori linalopanda Newala. Alikuwa amevaa kandambili za hospitali. Nilipomfuata nilikuta amekwisha kupuliza mashamba ya watu, na Mama amekaa kizingitini na ndoo yake tupu.

"Baba, daktari alikuambiaje?"

"Nitapumzika msimu ukiisha."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Tulilisikia kila msimu. Msimu ulikwisha kweli, ikaja mvua, na wakati wa mvua hakuna anayepuliziwa wala anayepuliza. Akafa mvua zikinyesha, kwenye kitanda kilekile chenye shuka za njano, akiwa amekaa, kwa kuwa kulala alikuwa hawezi tena. Mwishowe maji yalikuwa mengi. Mapipa yalifurika uani. Walimwosha kwa maji yasiyo na kipimo, na mjomba aliyemwosha alitoka akasema maji yaliendelea kuwa ya njano.

Watu walijaa. Sitawasingizia, walilia kweli, maana hapakuwa na shamba Mkunya ambalo hakulikanyaga. Lakini nikiwa nimekaa ndani na wanawake, nilisikia nje ya ukuta wanaume wakizungumza kwa sauti za matanga. Mmoja akauliza, "Sasa nani atatupulizia?" Mwingine akaitikia kwa masikitiko makubwa, "Ndilo swali hilo. Nani atatupulizia?" Nikangoja niwasikie wakisema jingine juu yake. Walirudi kwenye hilohilo.

Arobaini ndiyo ilijibu. Hamisi, mtoto wa shangazi, kijana niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe, alikalishwa mkekani. Akavishwa kofia ya Baba. Mzee akaomba dua, akatamka kwamba fulani hakufa, fulani huyu hapa. Kisha wakaitoa mashine nyuma ya mlango na kuiweka mbele yake. Kitambaa changu kilikuwa bado kimefungwa.

Nikasimama. Mwanamke hasimami pale, lakini nilisimama.

"Wazee wangu, shikamooni. Jina chukueni, ni lenu. Mashine naomba mniachie. Nitaifukia."

"Marahaba, mwanetu," mzee alisema. Hakukasirika. "Jina hatulitoi tupu. Mtu anarithi jina na kazi yake. Ukifukia mashine, huyu atakuwa nani?"

Walianza kupanga mstari kumwamkia, wakubwa kwa wadogo. Zamu yangu ilipofika nilipiga magoti kama inavyotakiwa, nikamwambia kwa chini, "Hamisi, siku utakayoiweka chini hiyo mashine, siku hiyo nitakuita baba. Sasa hivi siwezi."

Alikuwa na kifua kipana wakati ule. Akatabasamu. "Usijali, dada Somoe. Mimi bado kijana."

Tangu hapo nikawa mtu wa maneno kijijini. Wote wakimwita kwa jina la Baba, mimi Hamisi. Wakimwita Baba Somoe, maana na hilo walimpa, mimi Hamisi. Shangazi alinijia juu kwamba namzika kaka yake mara ya pili. Niliapa sitalegeza. Nilimshonea Hamisi kitambaa cha pua, na kingine, na kingine, nikavituma kwa madereva wa malori. Kila nilipouliza niliambiwa asante sana, vimefika, vinafaa. Sikuuliza vinamfaa nani.

Miaka ikapita. Mama naye akaenda, na mimi nikawa sipandi Mkunya ila kwa msiba. Mara ya mwisho haukuwa msiba. Shangazi alituma neno kwamba Baba Somoe ananiita. Nilijua ni Hamisi, lakini moyo ulishtuka vilevile.

Nilifika asubuhi, maua ya mikorosho yakiwa wazi na harufu yake imejaa njiani. Nilimkuta amekaa ukutani penye jua, amejifunika blanketi. Alikuwa wa njano kwenye kucha. Mabega yake yalipanda na kushuka kila pumzi, nami nikaujua ule mtindo kabla sijaiona sura. Kofia ya Baba ilikuwa kichwani kwake.

Nikaangalia nyuma ya mlango. Hapakuwa na kitu.

"Nimeiweka chini, Somoe," alisema. Alisema kwa sauti kubwa mno, na mimi nilikuwa karibu naye. "Wiki hii nilitaka kuibeba, haikuinuka."

Nikakaa chini mbele yake. Nikamuuliza kuhusu Ndanda. Akasema alikwenda, na daktari alimwambia.

"Uliniahidi jambo," alisema. "Nimeiweka. Niamkie basi."

Nilikuwa nimeshinda. Ndivyo nilivyotaka miaka yote ile, aiweke chini. Nikapiga magoti mchangani, nikainamisha kichwa ili asione uso wangu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akaanza kukohoa, na nilimshika mgongo mpaka kikohozi kilipotulia. Hapo ndipo nilipoisikia, ng'ambo ya mashamba, ile injini. Niliitambua sauti yake.

"Nani anapuliza?" niliuliza.

"Mpwa wangu," alisema. Aligeuza uso kuelekea kule, akasikiliza kwa masikio yake mabovu, akaridhika. "Usiwe na wasiwasi. Kile kitambaa chako nimemfundisha mahali pa kukifunga."